Zege Halilali

Karibu kila geti la saiti hapa Dar es Salaam lina kibao cha "Usalama Kwanza": herufi nyekundu, na chini yake mchoro wa kofia, buti na glavu. Pembeni kuna bango kubwa zaidi lenye majina ya mteja, mkandarasi, mhandisi mshauri na mkadiriaji majenzi. Mimi ni mtu wa kile kibao kidogo. Saiti wananiita sefti, au dada sefti siku ambayo sijamuudhi mtu, na mkataba wangu unasema nihakikishe kila aliyeingia asubuhi anatoka jioni akiwa mzima. Nitahakikisha kwa nguvu ipi, hapo mkataba umenyamaza.

Walio nje ya kazi hii hudhani ugomvi wetu mkubwa ni kofia. Kofia ni ugomvi wa kupitishia siku tu. Ugomvi wenyewe ni muda, na muda wa saiti una mwenyewe. Njoo siku ya kumwaga slabu uone. Magari ya zege yamepanga foleni tangu alfajiri, jirani ameshatoka na kanga begani kulalamika, pampu inanguruma. Zege likishatiwa maji halina subira. Saa moja na nusu, mbili, linaanza kushika, na likigandia garini hiyo ni hasara ya mtu anayejulikana kwa jina. Mtaani watu husema zege halilali hata wakizungumzia posa. Kwetu ni ratiba ya kazi.

Basi siku moja ya namna hiyo nilipita chini ya slabu kukagua mirunda iliyobeba mbao. Upande wa nyuma mirunda mitatu ilikuwa imesimamishwa juu ya vipande vya tofali, na tofali moja lilikuwa limeshapasuka katikati. Ukiweka kiganja kwenye ule mti unausikia ukitetemeka kila pampu inaposukuma. Nikapanda juu, nikamwambia foremani azime. Akaangalia gari, akaniangalia mimi, akampigia mhandisi. Jibu likaja kwa simu: wapelekwe mafundi wawili chini wakakaze ile mirunda, pampu iendelee. Yaani mimi nimesema slabu inaweza kushuka, na dawa ya slabu inayoweza kushuka ikawa ni kuweka watu wawili chini yake. Haikushuka. Jioni mhandisi alinipigia kunipongeza kwamba nina jicho zuri.

Yule mhandisi si mtu mbaya. Ni mstaarabu, hajawahi kunipandishia sauti, na hesabu za mzigo anazijua kuliko mimi. Lakini siku ile mwenye uwezo wa kuzima pampu alikuwa ofisini kilomita kadhaa kutoka pale, na waliokwenda kusimama chini ya slabu walijulishwa tu. Umbali huo kati ya anayeamua na anayeweza kuangukiwa ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu semina zetu zote huwa zinauruka.

Mteja anampa kazi mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu anagawa: nondo kwa huyu, umeme kwa yule, plasta kwa mwingine. Huyo wa plasta ana fundi mkuu wake, fundi mkuu anakuja na mafundi wake, na asubuhi pale getini anaokota saidia fundi kulingana na kazi ya siku hiyo. Ukifika kwa kijana anayepandisha ndoo ngazi kwa ngazi, kati yake na mwenye jengo kuna watu watano au sita, na kila mmoja ameshakata chake. Kijana analipwa jioni, mkononi. Karatasi hana. Asipotokea kesho nafasi yake itajazwa kabla ya saa moja, maana wenzake wamekaa pale nje tangu kunapambazuka.

Sasa mwambie huyo kijana kwamba ana haki ya kukataa kazi ya hatari. Haki yenyewe ipo, imeandikwa vizuri kabisa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa inayokaribia kutokea, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale mpaka irekebishwe. Wenzetu wa Kenya wameiweka kwenye kifungu cha 14 cha sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Mwaka 2022 shirika hilo hilo likaingiza usalama na afya kazini kwenye orodha ya haki za msingi za kazi, bega kwa bega na uhuru wa kujiunga na vyama na katazo la ajira ya watoto. Naunga mkono mia kwa mia. Ila kibarua wa Nairobi na kibarua wa Dar wote wanajua jambo ambalo halimo kwenye vifungu hivyo: ukikataa, hakuna anayekufukuza. Kesho tu huitwi.

Turudi kwenye kofia, maana ndiko mabosi wanakopenda tubaki. Kofia, buti na reflekta vina uzuri wake: vinahesabika, vinapigwa picha, na asiyevaa ana jina. Vitabu vyote tulivyofundishwa vinaanza kwingine. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Usipoweza, izuie kwa uzio, kwa wavu, kwa kubadili namna ya kufanya kazi. Ukishindwa kote huko ndiyo umvishe mtu kitu. Saiti tunaanzia mwisho. Ukingo wa ghorofa ya tano hauna reli, lakini anayepita kando yake bila kofia anakatwa hela. Sijawahi kuelewa kofia itamsaidia nini mtu atakayetoka ghorofa ya tano.

Na hao "wabishi" wa kuvaa, nimekaa nao kwenye benchi la mama ntilie nikawauliza. Hakuna hata mmoja aliyeniambia hajui kofia ni ya nini. Waliniambia kofia ni za zamu, inatoka kwenye kichwa hiki chenye jasho inaingia kwenye kile, na mapunye hayana dawa ya siku moja. Nimeshika kofia ambazo hata mimi nisingeingiza kichwa. Waliniambia buti zimeletwa namba tisa zote, na mtu wa namba saba akipanda ngazi nazo anajikwaa kila hatua, kwa hiyo anavaa ndala zake ambazo angalau zinamsikiliza. Mmoja akaniambia, "Dada, glavu zile zinashika zege, hazishiki ndoo." Nilikwenda kujaribu. Kweli ndoo inateleza.

Siku ya mkaguzi ni sikukuu. Mtunza stoo anafungua boksi la reflekta mpya, saiti nzima inanuka plastiki, kila mtu anasaini daftari. Jioni zinarudishwa zikiwa zimekunjwa vizuri. Kuna mwaka tulipata pia mikanda ya kujifunga kwa wanaofanya kazi juu, mizuri, ya bei. Nikapanda kuangalia wanaitumiaje. Fundi mmoja alikuwa amejifunga sawasawa, kifuani na mapajani, kila kamba mahali pake, na ile ndoano ya mwisho ameining'iniza kwenye mkanda wake mwenyewe. Nikamuuliza mbona hujafunga kwenye kitu. Akazungusha macho taratibu, akaniangalia: "Kitu gani, dada?" Palikuwa na anga, jukwaa la mirunda, na yeye. Kwenye fomu yangu kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama wafanyakazi wa juu wamevaa mikanda. Walikuwa wamevaa.

Wenye hela watasema hayo yote yanataka bajeti, na ni kweli, kwa hiyo tuangalie bajeti inakufaje. Kwenye jedwali la gharama la zabuni, usalama hukaa kurasa za mwanzo, kwenye mambo ya jumla pamoja na choo cha muda, uzio wa mabati na kibanda cha mlinzi. Mara nyingi ni mstari mmoja wenye kiasi kimoja. Mteja akiomba punguzo, na huwa anaomba, mkandarasi hawezi kupunguza mifuko ya saruji kwenye slabu, mhandisi atapiga kelele. Hawezi kupunguza nondo. Anafungua zile kurasa za mwanzo. Anayeshinda zabuni kwa bei ya chini ameshinda, pamoja na mengine, kwa kuwa aliandika kiasi kidogo kuliko wenzake kwenye mstari ule. Ukiniuliza mimi, kiasi hicho kingepaswa kuwekwa na mteja mwenyewe kabla ya zabuni, kiwe kile kile kwa kila mwombaji, mtu asishindane nacho. Nimelisema hili kwenye vikao. Huwa linaandikwa kwenye kumbukumbu.

Ajali ikitokea, kinachofuata hakimo kwenye bango lolote. Kijana mmoja kutoka Kilosa alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili, kwenye saiti nisiyoitaja. Jukwaa lilikuwa la mirunda na mbao za kukanyagia, na ubao mmoja haukupigiliwa msumari kwa sababu ulikuwa unahamishwa kila fundi plasta alipohama. Alitua kwa ubavu na mkono. Wakambeba kwenye bajaji, kichwa kimelala mapajani mwa mwenzake, na njiani simu ikaingia kutoka kwa msimamizi: mkifika polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kumpeleka majeruhi hospitali, semeni amegongwa na pikipiki.

Wakasema amegongwa na pikipiki. Polisi akaandika, hospitali wakapokea, na ajali ya kazini ikawa ajali ya bodaboda kabla hata ya mkono kupigwa picha. Hesabu za barabarani ziliongezeka moja. Zetu zilibaki safi.

Baada ya siku chache msimamizi alikwenda Mbagala nyumbani kwa mjomba wa kijana, akifuatana na wazee wawili wa heshima. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakasema maneno yanayosemwa: jambo limetokea, hakuna aliyelipenda, tuyamalize kindugu. Bahasha ikatolewa, na karatasi. Kijana akaweka dole gumba la kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa muhogo. Nilipokwenda kumwona baadaye nikamwambia mjomba kwamba kuna mfuko wa serikali, kijana ana haki kubwa kuliko ile bahasha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, wamekuja wenyewe, wamevua viatu. Wangapi huja?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sitaki kuidharau ile bahasha. Ilifika wiki ambayo kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Mfuko unataka karatasi ambazo kijana hakuwahi kupewa. Na ule undugu wa mkekani haukuwa wa kuigiza wote. Wale wazee walimwombea dua kwa dhati. Ni kwamba undugu huo huo ulimfunga mdomo kuliko ambavyo wakili yeyote angeweza.

Wanaosema hakuna kilichobadilika hawakumbuki tulikotoka. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni, ya mwaka 1949, ilikuwa na kikomo cha malipo ambacho kilibaki pale pale huku shilingi ikiporomoka, mpaka tukafika mahali ambapo familia ya aliyekufa kazini ilistahili Sh 83,000 kwa kiwango cha juu kabisa, na aliyepata ulemavu wa kudumu Sh 108,000. Hela hiyo haikutosha jeneza na gari la kumpeleka marehemu mkoani. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Leo aliyeumia akiwa na karatasi zake anatibiwa, analipwa asilimia 70 ya kipato chake akiwa hawezi kufanya kazi hadi miezi 24, na akibaki na ulemavu mkubwa anapata pensheni ya kila mwezi. Nimeona watu wakilipwa. Si hadithi.

Shida yake iko kwenye neno "karatasi". Mwajiri anachangia mfuko kwa asilimia ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, mwaka 2021 ikashushiwa hadi 0.6, na mwaka uliofuata ikafika 0.5 kama serikali. Kila ikishuka wafanyabiashara hushukuru, na sina ugomvi nao. Lakini asilimia yoyote ya orodha ya mishahara haimgusi mtu ambaye hayumo kwenye orodha. Sheria yenyewe haijambagua. Inamtambua mfanyakazi hata kama makubaliano yake yalikuwa ya mdomo na malipo yake ni ya kutwa. Ila yeye ndiye atakayetakiwa aonyeshe kwamba siku ile alikuwa pale. Kwa PF3 ya pikipiki.

Hali ni hiyo hiyo kwenye chama. TAMICO ndicho chama cha watu wa migodi, nishati na ujenzi, na kwenye migodi mikubwa kina sauti. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara. Anayelipwa mkononi saa kumi na mbili jioni utamkata wapi?

Siasa ya ukaguzi nayo ina mtindo wake. Tuna OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, tangu 2001 na sheria yake Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950. Mwaka 2018, wakati serikali inapanga kuboresha mazingira ya biashara, tozo kadhaa za OSHA zilifutwa, na kwa haki kabisa baadhi zilikuwa kero. Hakuna mantiki kumtoza mtu kwa sababu amekuja mwenyewe kujiandikisha akaguliwe. Kilichonisumbua ni lugha ya mjadala wenyewe. Mkaguzi alizungumzwa kama mzigo anaobebeshwa mwekezaji, pamoja na foleni za leseni. Foremani mmoja wa wakati ule alikuwa amebandika "Hapa Kazi Tu", kaulimbiu ya kampeni ya Magufuli ya 2015, kwenye kofia yake, mbele kabisa juu ya paji la uso. Nikimwambia kitu anaigonga ile stika kwa kidole. Alikuwa mcheshi, tulielewana, ila alimaanisha.

Mpaka hapa nimezungumzia kuanguka kwa sababu kuanguka kunaonekana. Linaloua zaidi halina siku. ILO inakadiria watu karibu milioni 2.93 duniani hufa kila mwaka kwa sababu za kazi, na kati yao kama milioni 2.6 ni kwa maradhi. Ajali ni laki tatu na ushee. Kwetu maradhi hayo yana sura ya fundi marumaru kwenye korido isiyo na dirisha, ameinama na grainda, fulana kuukuu imefungwa puani, vumbi jeupe limetuama kwenye nyusi na kope zake. Vumbi linaloonekana ndilo lenye nafuu. Lile la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, linaloingia mpaka mwisho wa mapafu ni jembamba kiasi kwamba fulana hailizuii na jicho haliligundui. Mapafu yakishakakamaa hayarudi, na kifua kikuu kinapata mlango. Wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani wanalijua hili kuliko sisi.

Dawa rahisi ni kukata kwa maji. Nimeona fundi mmoja akifanya hivyo kwa chupa ya maji iliyotobolewa kizibo, saidia fundi amesimama anamdondoshea pole pole kwenye diski. Vumbi likapungua sana. Ila ile ilikuwa grainda ya umeme isiyotengenezwa kwa maji, na waya wake ulikuwa umefungwa kwa selotepu sehemu mbili, kwa hiyo nikalazimika kuwakataza nao wakaniuliza, kwa haki kabisa, sasa tufe kwa lipi. Mashine ya kukatia kwa maji ipo. Inauzwa Kariakoo. Haikuwa kwenye ule mstari wa kurasa za mwanzo.

Kinachopatikana badala yake ni maziwa. Mafundi rangi, watu wa saruji, wa kuchomelea, wote wanaamini maziwa husafisha kifua, na wanayadai kwa ukali kuliko wanavyodai kitu kingine chochote. Maziwa huenda tumboni na vumbi liko kwenye mapafu, hayakutani. Nilikuwa nawaelimisha hivyo kwenye kikao cha asubuhi, mpaka mzee mmoja wa rangi akanivuta pembeni: "Mwanangu, tunajua. Lakini hayo ndiyo wanayotupa. Ukiwaambia hayana kazi, wataacha hata hayo." Niliacha kuyasema maziwa. Pakiti moja kwa siku ni sehemu ya ujira ambayo watu hawa waliwahi kuipigania wakaipata, na haikuwa kazi yangu kuwanyang'anya.

Kuna siku ambazo nchi nzima hugeuka kutazama. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa la 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Kibali, kama ilivyoelezwa wakati ule, kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Siku kadhaa tulikuwa tunafuatilia sauti za waliofukiwa wakizungumza kwa simu kutoka chini ya zege. Mashuhuda walisema chini ya jengo kulikuwa kukichimbwa kupanua maduka, na juu biashara inaendelea. Viongozi walifika, kamati ikaundwa kukagua majengo ya Kariakoo. Nilichojiuliza mimi ni kidogo tu: karibu wote waliofukiwa walikuwa kazini, wauza duka, wasaidizi wao, wabeba mizigo, lakini sikusikia wakiitwa wafanyakazi. Waliitwa wahanga. Mfanyakazi ana mwajiri, na mwajiri ana la kujibu. Mhanga ana mkono wa pole.

Wanaoanguka mmoja mmoja hawana kamati.

Mara moja nimeona kazi ikisimamishwa na waliomo ndani yake, na niieleze kama ilivyokuwa. Walikuwa wafunga nondo, kikundi kimoja kinachosafiri pamoja saiti hadi saiti, wanalipwa kwa tani. Winchi ya kupandishia ilikuwa na waya uliofumka nyuzi, na nilikuwa nimeuripoti mara kadhaa kwa maandishi. Asubuhi ile kiongozi wao aliupitisha waya kwenye kitambaa, akaonyesha kitambaa kilivyochanika, akakaa chini ya mwembe. Wote wakakaa. Hawakugoma, hakuna aliyetamka neno hilo. Walisema wanasubiri chai. Chai ile iliendelea hadi saa saba mchana, waya mpya ukaletwa kutoka eneo la Gerezani hapa hapa Dar, wakaamka. Zege lilikuwa limepangwa keshokutwa na Dar nzima usingepata kikundi kingine cha kufunga nondo zile kwa siku mbili. Ripoti zangu zilisema kweli ile ile waliyoisema wao. Wao walikuwa na keshokutwa mkononi.

Saidia fundi hana keshokutwa. Ndiyo maana siku hizi nimepunguza mahubiri ya kofia, na nguvu nyingi naziweka kwenye daftari la mahudhurio. Nimeomba kila anayeingia getini aandikwe jina lake kamili kwa mkono wake, namba ya simu, na jina la aliyemleta, kila siku, hata kama ni wa kutwa moja. Madai ya fidia yana miezi 12 ya kufunguliwa, na mtu mwenye ukurasa wenye jina lake na tarehe ana pa kuanzia, pikipiki isimgonge. Nilimwomba bosi pia nakala ya kila ukurasa ibandikwe kwenye mbao ya matangazo. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kuhesabu watu moto ukitokea, jambo ambalo pia ni kweli. Akakubali ya kubandika, ila akasema daftari lenyewe lisitoke ofisini na mtu asipewe nakala. Sawa. Kila asubuhi nakala ya ukurasa inabandikwa, na vijana wanaipiga picha kwa simu wakienda kuchukua ndoo.